Sura ya Nne: Mwezi Unaochelewa

Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, siku moja baada ya mwezi mpevu. Saa tatu na nusu asubuhi bahari ilikuwa inarudi nyuma kwa kasi, na kina mama wa mwani walikwisha kukaza kanga viunoni na kushuka na magunia yao. Nilimfuata mmoja, mama wa makamo, hadi kwenye shamba lake, mwendo mrefu juu ya mchanga ambao saa chache kabla ulikuwa sakafu ya bahari. Vigingi vifupi vya mti vimepigwa kwa safu, kamba zimetandwa kati yake, na katika kila kamba vishada vya mwani vimening'inia kimoja kimoja. Alifungua vilivyokomaa na kufunga vichanga pasipo kuvitazama vidole vyake. Nikamuuliza maji yanarudi lini.

"Leo yanakauka saa nne na robo, mwanangu. Ikifika saa saba hapa unaogelea."

"Na kesho, mama?"

"Kesho saa tano kasoro. Keshokutwa saa tano na nusu. Mwezi ukishakatika nusu mimi huku siji, maji yanakuwa mafu, hayatoki vya kutosha."

Hakuwa na kijitabu cha kupwa na kujaa, na simu yake ilikuwa nyumbani. Kilimo hiki cha mwani kilianza hapa Unguja mwaka 1989, lakini hesabu anayoitumia ni ya kale kuliko kilimo chenyewe: wachokoa pweza na watega madema waliishi nayo kabla ya babu zake kuzaliwa. Mimi nilifundishwa darasani kwamba Dunia hujizungusha katika mhimili wake kwa saa 24 na kwamba Mwezi huizunguka Dunia. Nilikariri, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama. Hakuna aliyenitoa nje kunionyesha kwamba sentensi zile mbili, zikiunganishwa, ndizo zinazompangia mama huyu saa ya kwenda kazini. Naamini hapo ndipo tunapowapoteza wanafunzi wetu. Tunawapa anga kama orodha ya majibu, wakati pwani nzima inaishi ndani ya swali.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini maji ya kesho hayaji saa ya leo?

Chukua saa ya mishale. Saa sita kamili, mshale mrefu na mshale mfupi imelaliana juu, penye 12. Mshale mrefu unazunguka uso wote wa saa na kurudi pale pale juu, lakini haumkuti mwenzake. Mshale mfupi umekwisha kusogea hadi penye 1. Inabidi ule mrefu uendelee kuufuata, na huupata baada ya dakika tano na nusu hivi. Sasa fanya mshale mrefu kuwa Jambiani, iliyobebwa na Dunia inayojizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Mshale mfupi ni Mwezi, ambao nao unaizunguka Dunia kuelekea huko huko mashariki, ila polepole. Jambiani ikimaliza mzunguko wake na kufika pale ambapo jana iliukuta Mwezi, Mwezi haupo tena. Umetangulia nyuzi kumi na mbili na kitu. Dunia inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia.

Ndiyo maana Mwezi huchomoza kwa kuchelewa kila siku, na ndiyo maana bahari, ambayo bwana wake mkubwa ni Mwezi, haiendi kwa saa 24 bali kwa saa 24 na dakika 50. Kwa kuwa maji hujaa mara mbili katika muda huo, kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25. Hamsini ni wastani. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, kuchelewa hupungua hadi kama dakika 40, na siku za maji mafu huzidi saa nzima, kwa sababu Jua nalo lina mkono wake katika jambo hili. Linganisha na majibu ya yule mama, utaona alikuwa sahihi zaidi kuliko wastani wangu.

Mwendo wa Mwezi unaweza kuuona kwa macho yako usiku mmoja tu. Tafuta nyota inayong'aa iliyo karibu na Mwezi, upande wa mashariki wake. Tazama, kisha ingia ndani ule chakula, urudi baada ya saa moja. Mwezi utakuwa umeisogelea ile nyota kwa kiasi cha upana wa Mwezi wenyewe. Upana huo ni kilomita 3,474, na kasi ya Mwezi katika njia yake ni takriban kilomita moja kwa sekunde, yaani kama kilomita 3,700 kwa saa. Hesabu na jicho vinakubaliana.

Dunia yenyewe inakimbia kuliko tunavyohisi. Mtu aliyekaa Nanyuki, juu kabisa ya ikweta, anabebwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa. Mtu wa London, kwa kuwa yuko karibu zaidi na ncha na duara lake ni dogo, anabebwa kwa kilomita 1,040 hivi. Wote wawili hawahisi kitu, kama abiria wa ndege iliyotulia angani anavyomimina chai bila kumwagika: kikombe, chai na mkono vinakwenda pamoja. Mbio hizi za ikweta ni mtaji, na kuna waliojua kuutumia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inaanza safari ikiwa tayari na msukumo wa Dunia nyuma yake. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina Uhuru.

Hapo hapo Nanyuki, na pia Kayabwe nchini Uganda, msafiri huonyeshwa maji katika beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini yanazunguka upande huu, hatua chache kusini upande ule. Ni onyesho zuri na linawaingizia watu riziki, lakini mzunguko wa Dunia haufiki kwenye beseni. Kinachoyazungusha maji ni namna yalivyomiminwa. Nguvu ya kweli ya kupindisha inayotokana na Dunia kujizungusha inahitaji eneo la mamia ya kilomita ili ionekane, na huonekana katika vimbunga. Karibu sana na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno hata kimbunga hakiwezi kujisokota. Ndiyo sababu pwani ya Tanzania huvipata kwa nadra, na ndiyo sababu Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kiliwashangaza wengi.

Kuna kosa dogo katika ile sentensi ya darasani. Dunia haihitaji saa 24 kujizungusha mara moja. Inahitaji saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ukiikodolea macho nyota moja juu ya mnazi, kesho itafika pale pale dakika nne kabla ya saa ya leo. Zile dakika nne zinazobaki ni za Jua. Dunia, huku ikijizungusha, inasafiri pia kulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na katika siku moja husogea karibu digrii moja. Kwa hiyo baada ya mzunguko kamili lazima igeuke kidogo zaidi ili Jua lirudi utosini. Dakika nne kwa siku ni saa mbili kwa mwezi, na kwa mwaka ni siku nzima. Hapo ndipo ilipo siri ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Kila usiku linatangulia dakika nne, hadi miezi inapopita linazama pamoja na Jua na kutoweka, kisha linazuka tena upande wa pili wa anga alfajiri. Mkulima aliyelitazama alikuwa anausoma mwendo wa Dunia kulizunguka Jua, kwa kutumia Dunia yenyewe kama saa.

Njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili. Mapema Januari tunalikaribia hadi kilomita milioni 147, na mapema Julai tunakuwa mbali, milioni 152. Hapa sisi wa kusini mwa ikweta tuna mtego ambao watu wa kaskazini hawana. Mtu wa Njombe au Makete hutetemeka kwa baridi Juni na Julai, ambapo kweli Dunia iko mbali na Jua, na huona joto likirudi mwisho wa mwaka, ambapo kweli liko karibu. Mwanafunzi wa huko akisema majira yanatokana na umbali, ushahidi wa ngozi yake unamuunga mkono! Lakini mwulize ndugu yake aliyeko Ujerumani: Januari ile ile ambayo Jua liko karibu, yeye anakoga theluji. Umbali hauwezi kuwa sababu ya baridi hapa na joto kule kwa siku moja.

Sababu ni mwinamo. Mhimili wa Dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na unaelekea upande ule ule wa anga mwaka mzima. Juni nusu ya kaskazini inalielekea Jua, Desemba ni zamu ya kusini. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, Jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Simamisha fimbo wima siku hizo adhuhuri, haitakuwa na kivuli. Juni na Julai kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, Desemba huangukia kaskazini. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwinamo huo hauubadilishi sana urefu wa mchana wetu. Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka haifiki saa moja. Hesabu yetu ya saa, inayoanzia Jua linapochomoza, imewezekana kwa sababu hiyo. London, ambako mchana wa Desemba ni saa nane na wa Juni unapita kumi na sita, saa ya namna hii isingedumu hata mwezi.

Lakini bara la Asia mwinamo huo unalibadilisha sana, na pwani yetu ililipwa kwa hilo. Jua linapoelemea kaskazini, Asia inapashwa moto, hewa inapanda, na upepo wa kusi unavuma kutoka huku kwetu kwenda kule. Jua linaporudi kusini Asia inapoa, na kaskazi inateremka. Majahazi ya kutoka Oman na Ghuba yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Nahodha hakuweza kuusubiri upepo huo kwa kalenda ya Mwezi, maana hiyo huteleza katika majira. Kwa hiyo Waswahili walikuwa na mwaka mwingine, mwaka wa Jua, wa Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa Julai, ni mabaki hai ya hesabu hiyo. Jamii moja iliweka kalenda mbili kwa sababu angani kuna miendo miwili, na haikuchanganyikiwa.

Tukirudi kwenye kalenda ya Mwezi, tutazikuta tena dakika zetu hamsini zikiwa zimekusanyika. Mwezi unaizunguka Dunia na kurudi penye nyota ile ile kwa siku 27 na theluthi. Lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Sababu ni ile ya mishale ya saa: wakati Mwezi unamaliza duara lake, Dunia imekwisha kusogea katika njia ya kulizunguka Jua, na Mwezi unahitaji siku mbili na zaidi kulifikia tena Jua. Miandamo kumi na miwili ni siku 354. Upungufu wa siku 11 ndio unaoitembeza Ramadhani katika misimu yote. Mwaka 2000 Idi ya mfungo iliangukia Januari na tena Desemba, na mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na Desemba.

Hata ule ubishi wa kila mwaka, kwamba mwezi umeonekana kule na hapa haujaonekana, una maelezo katika mwendo huu. Hilali changa iko karibu sana na Jua, na kila saa inayopita inajitenga nalo kwa nusu digrii tu. Anayekaa magharibi zaidi hupata magharibi yake baadaye, na kwake Mwezi umekwisha kujitenga kiasi cha kuonekana. Watu wawili wakweli, mmoja Mombasa na mmoja Morocco, wanaweza kutazama jioni ya tarehe moja, mmoja akaona na mwingine asione.

Jambo jingine ambalo kila mtu ameliona lakini wachache wameliuliza: Mwezi unatuonyesha uso mmoja tu. Yale madoa ambayo bibi zetu waliyatolea visa ni yale yale kila mwezi mpevu. Wengi huhitimisha kwamba Mwezi haujizungushi. Jaribu hivi uani. Weka kinu katikati, ukizunguke huku uso wako ukikielekea muda wote. Ukifika ulipoanzia, mgongo wako umeelekea jiko, ukuta, mlango na choo, kila upande kwa zamu. Umejizungusha mara moja kamili ndani ya mzunguko mmoja. Mwezi unafanya hivyo hivyo: siku 27 na theluthi kuizunguka Dunia, na siku hizo hizo kujizungusha wenyewe. Uso wake wa nyuma haukuonwa na binadamu yeyote hadi Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipozunguka huko na kuleta picha. Kwa nini miendo hiyo miwili ilingane kwa usahihi huo? Si bahati. Jibu liko baharini.

Mvuto wa Mwezi unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji yaliyo upande unaoutazama Mwezi yanavutwa zaidi kuliko mwili wa Dunia, na mwili wa Dunia unavutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma. Fikiria watu watatu katika foleni wanaovutwa na kamba tatu, wa mbele kwa nguvu nyingi, wa kati kwa kiasi, wa nyuma kidogo. Nafasi zinapanuka mbele na nyuma pia. Kwa hiyo maji yanavimba pande mbili, na Dunia inapojizungusha ndani ya mavimbe hayo sisi tunasema maji yanajaa mara mbili. Jua nalo linavuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya Mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, Jua, Dunia na Mwezi vikiwa mstari mmoja, nguvu zinajumlishana: hiyo ni bamvua, na Unguja maji hupanda na kushuka kama mita nne. Mwezi ukiwa nusu, Jua linavuta kwa upande wake: maji mafu.

Picha hiyo ni sahihi katika sababu, ila bahari yenyewe ni nzito na ina mabara yanayoizuia. Mwezi mpevu hupita utosini saa sita za usiku, lakini maji ya Unguja hujaa karibu saa kumi, saa nne baadaye. Bahari ya Hindi ni kama maji ndani ya beseni linalotikiswa: yanaufuata mkono, kwa wakati wake.

Kama njia ya Mwezi ingelala sawasawa na njia ya Dunia, Jua lingepatwa kila mwandamo. Lakini imeinuka nyuzi tano, na mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya Jua. Tarehe 1 Septemba 2016 haukukosea. Watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, na karibu na adhuhuri Mwezi ukaingia katikati kabisa ya Jua, lakini haukulifunika. Ukabaki mduara wa moto. Umbali wa Mwezi ni kilomita 384,400 kwa wastani, ila hubadilika kutoka takriban 357,000 hadi karibu 407,000, na siku ile ulikuwa unaelekea sehemu yake ya mbali, kwa hiyo ulionekana mdogo kuliko Jua kwa asilimia tatu hivi. Chini ya mti siku kama hiyo, kila tundu dogo la nuru kati ya majani huchora ardhini pete ndogo ya mwanga. Ardhi nzima hujaa pete.

Sasa rudi kwenye maji. Dunia inajizungusha haraka kuliko Mwezi unavyosogea, basi inayaburura yale mavimbe mbele ya Mwezi. Maji yanasuguana na sakafu ya bahari, yanapigana na miamba, yanaingia kwenye mikoko ya Chwaka na kutoka. Msuguano huo ni breki juu ya Dunia. Na lile vimbe lililotangulizwa mbele nalo lina mvuto wake, linauvuta Mwezi kwenda mbele, na chombo kinachovutwa mbele katika njia yake angani hupanda juu. Mzunguko ambao Dunia inaupoteza, Mwezi unaupokea kwa kwenda mbali.

Hili limepimwa. Apollo 11 iliacha juu ya Mwezi, Julai 1969, ubao wenye vioo 100 vya kurudisha mwanga, na safari za baadaye za Wamarekani na vyombo vya Wasovieti viliongeza vingine. Wataalamu hupiga miali ya leza kwenye vioo hivyo na kuhesabu muda wa kurudi, sekunde mbili na nusu hivi. Mwezi unaondoka kwa sentimita 3.8 kwa mwaka. Kwa miaka 100 ni mita 3.8, karibu sawa na kimo ambacho maji ya bamvua hupanda pale Jambiani kwa saa sita.

Breki nayo imeacha alama zake. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo, watazamaji wa Babiloni, katika Iraki ya leo, waliandika kwenye udongo kwamba Jua lilipatwa lote hata sayari zikaonekana. Ukipiga hesabu kurudi nyuma kwa kudhani kwamba siku daima imekuwa na urefu huu huu, kivuli kinaikosa Babiloni kwa karibu nyuzi 49 na kuangukia mbali magharibi. Ili kiifikie, lazima ukubali kwamba Dunia imechelewa zaidi ya saa tatu tangu hapo, kwa siku kurefuka chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde kila karne. Na mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, alihesabu mistari ya ukuaji ya kila siku katika matumbawe yaliyogeuka mawe karibu miaka milioni 400 iliyopita. Kwa mwaka mmoja alikuta mistari kama 400. Mwaka ulikuwa na urefu huu huu, ila siku ilikuwa ya saa 22. Matumbawe ndiyo mawe ya pwani yetu, tunajengea nyumba na misikiti, na jamaa zake wa kale walikuwa wanaweka daftari.

Mwezi ulikwisha kupigwa breki hiyo hiyo na Dunia, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa Dunia ina uzito mara 81 ya Mwezi. Mzunguko wake ulipungua hadi ukalingana na safari yake, ukatulia hapo. Ndiyo sababu ya uso mmoja.

Mwezi ukiendelea kwenda mbali hivi, inakadiriwa kwamba baada ya miaka milioni 600 hivi utakuwa mdogo mno machoni kulifunika Jua lote, na kupatwa kote kutakuwa kwa pete, kama kule Rujewa. Sisi tumeishi wakati ambao unatosha. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kamili cha Mwezi kitapita Misri, kitavuka Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, kitapita Yemen na kuigusa ncha ya Somalia. Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Una ndugu Jeddah au unapanga umra? Panga uwe huko siku hiyo. Tafuta mapema miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, kwani miwani ya kawaida ya jua haikingi macho. Zile dakika ambazo Jua limefunikwa lote, na hizo tu, ivue utazame.